Dodoso Likipanda Uwandani: Mwongozo kwa Mtafiti Anayekwenda Mnyambe

Mtaalamu, unakuja Newala. Kibali cha utafiti cha COSTECH unacho. Barua imepita kwa Katibu Tawala wa Mkoa kule Mtwara, ikaenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikamfikia Mtendaji wa Kata ya Mnyambe, naye akawapigia simu watendaji wa vijiji. Mihuri yote hiyo inakuruhusu kuuliza. Hakuna muhuri hata mmoja unaomlazimisha bibi wa watu akujibu, na akikujibu, hakuna unaomlazimisha akuambie kweli. Mwongozo huu umeandikwa ili uipate hiyo kweli. Ninaamini takwimu nzuri inaweza kuleta maji, dawa na mwalimu mahali ambapo hotuba zimeshindwa. Ninaamini pia kwamba takwimu mbovu inaweza kuyazuia hayo hayo miaka kumi, huku kila mtu akidhani kazi imefanyika.

Anza na gari. Liache ofisini kwa mtendaji, utembee. Mtu akiliona gari la mradi mlangoni anajibu kama mwombaji. Akidhani umetumwa na watu wa kodi, anajibu kama mshitakiwa. Wewe unamtaka ajibu kama mkulima, na mkulima huongea vizuri na aliyekuja kwa miguu, aliyeamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka aliotandikiwa. Wadadisi wako waajiri humu humu katani: vijana waliomaliza kidato cha nne wapo, na nusu yao wawe wasichana. Kimakonde wanakijua, na wanajua pia nani kwao hasemeshani na nani, jambo ambalo kishikwambi chako hakitakuonyesha.

Halafu ujue kwamba wewe si wa kwanza. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji havijapoa bado, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi, akapanda Newala, akapiga picha, akarekodi nyimbo kwenye silinda za nta, akakusanya vyombo na vinyago. Kitabu chake kilitoka 1908, kwa Kijerumani, na vitu vikaenda Leipzig. Baada ya Uhuru walikuja wengi, baadhi yao wenye nia njema kabisa. Wafini walifadhili miradi ya maji Lindi na Mtwara, na baadaye mradi wa RIPS, ambao katika miaka ya 1990 ulieneza utaratibu wa wanakijiji wenyewe kuchora ramani ya kijiji chao chini mchangani na kusema shida ipi ianze. Kwa hiyo mzee akikuuliza, “Waliokuja kabla yako walipata nini?”, usikasirike. Ni swali la kitafiti, tena linatangulia yote uliyokuja nayo. Mwambie utafanya nini na majibu, utayarudisha lini, na kwa nani. Kama huna jibu, ahirisha safari.

Sasa tuseme ukweli kuhusu tarakimu ulizobeba kutoka Dodoma. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulisema asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara hawakidhi mahitaji ya msingi, ikilinganishwa na asilimia 28.2 ya 2011/12. Ni kazi nzuri ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na naiheshimu. Lakini utafiti ule ulipangwa kutoa makadirio mpaka ngazi ya mkoa. Haukupangwa kuisemea Mnyambe. Ukichukua asilimia ya Mkoa wa Mtwara, ukaibandika kwenye andiko la mradi na kuandika kwamba ndiyo hali ya kata hii, utakuwa umechanganya bandari ya Mtwara Mjini, maduka ya Masasi na kitongoji ambacho mwezi wa Septemba ndoo ya maji inanunuliwa. Watu wa pembezoni hupotea hivi: hakuna aliyewafuta, wamechanganywa tu na wenzao wengi hadi hawaonekani.

Dawa yake ni kupima hapa hapa, kwa sampuli. Usiogope kuwaeleza wanakijiji sampuli ni nini, kwa maana wanaijua kukushinda. Kila msimu wa korosho wanamwona mpimaji ghalani akichoma gunia kwa bambo, akitoa punje chache, akizipasua na kupima unyevu, kisha gunia zima linaitwa daraja la kwanza au la pili. Mkulima wa Newala anajua bambo likichomwa juu tu, gunia lililojazwa korosho mbovu chini litapita. Mwambie wewe ni mtu wa bambo, na unataka kuchoma mpaka chini. Atakuambia mwenyewe wapi ni chini: kitongoji gani kiko mbali na barabara, nani hayupo kwenye daftari la mtendaji, nyumba ipi wadadisi huiruka kwa sababu mbwa ni mkali au kwa sababu mwenyewe ni kiziwi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya 384 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinakupa asilimia isiyopotoka zaidi ya alama tano juu au chini, mara 95 katika 100, na idadi hiyo haibadiliki sana uwe unapima wilaya moja au taifa zima. Ila ukizichota kaya nyingi kutoka vijiji vichache kwa sababu ya mafuta ya gari, ongeza idadi, pengine maradufu, kwa kuwa majirani hufanana. Na “bahati nasibu” maana yake bahati nasibu. Orodha ya nyumba zilizo karibu na ofisi ya kijiji, iliyoandaliwa na mwenyekiti jana jioni, ni orodha ya jamaa na marafiki zake.

Kuhusu maji, tulia hapa.

Uwanda wa Makonde ni kichanga kirefu kinachomeza mvua. Juu yake hakuna mto wa kudumu. Chemchemi ziko chini, kwenye miguu ya miteremko, na kwa vizazi wanawake wameshuka na kupanda na maji kichwani. Simama Shimo la Mungu pale Newala, utazame bonde la Ruvuma huko chini, utaelewa kwa nini. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za Mwingereza, katika miaka ya 1950, ukisukuma maji kwa pampu kutoka bondeni kuyapandisha uwandani. Pampu inataka nishati, nishati inataka fedha, na mashine ikisimama, uwanda wote unarudi kwenye ndoo.

Dodoso lako litakuwa na swali la umbali. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kiwe ndani ya mita 400. Sawa, lakini bomba lililokauka nalo liko ndani ya mita 400. Ukipima umbali pekee, utaandika kwamba kijiji kinahudumiwa, na mwakani bajeti itakiruka kwa sababu ya karatasi yako. Uliza hivi: Wiki iliyopita bomba lilitoka siku ngapi? Mlikaa foleni saa ngapi? Nani alichota? Kiangazi ndoo ya lita 20 mliinunua shilingi ngapi, na kwa nani? Maji ya mvua kwenye kisima chenu cha simenti yaliisha mwezi gani? Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko kurasa tatu za dodoso, kwa sababu mwezi wa kwisha maji ndio mwezi wa kuanza matumizi ya fedha, na kaya ambayo maji yake yaliisha Juni haiko sawa na ile iliyofika Oktoba.

Na hapa kuna jambo la bati ambalo ningependa kila mtaalamu wa umaskini alishike. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF huanza vizuri: mkutano mkuu wa kijiji hutaja kaya zilizo duni, kwa vigezo vya wenyewe. Kisha wadadisi hujaza fomu ya hali ya kaya, na kompyuta hukadiria umaskini kwa fomula. Fomula za aina hii, hapa na duniani kote, hutazama paa, kuta, choo na vyombo vya ndani, kwa kuwa ni rahisi kuviona kuliko kipato. Lakini juu ya uwanda huu bati ni chombo cha kukingia maji. Mama anaweza kukopa, akauza mbuzi, akabembeleza mwanawe anayefanya umachinga Kariakoo, yote ili apate bati la upande mmoja na mfereji wa kupeleka mvua kisimani. Amelinunua kwa sababu hana maji. Fomula iliyotengenezwa kwa wastani wa nchi inaweza kulisoma bati lile kama dalili ya ukwasi. Kwa hiyo ukitengeneza kipimo chako, paa lisimame pamoja na swali la maji, na kabla ya kukitumia kijaribu kwa kaya ambazo mkutano mkuu umezitaja. Kipimo na mkutano vikitofautiana, nenda ukazione hizo kaya. Usidhani moja kwa moja kwamba mkutano ndio uliokosea.

Korosho nayo ina kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo inayoamua kijiji ni tajiri au maskini siku ulipofika. Ukija Novemba, minada ikiwa inaendelea na malipo yameingia, utakuta pikipiki mpya, ngoma na nyama. Ukija Machi, watu hao hao wanakula mlo mmoja wakisubiri mahindi na mihogo. Wote hao ni Mnyambe. Ndiyo maana Ofisi ya Takwimu hukusanya data za matumizi ya kaya kwa miezi 12 mfululizo. Wewe huna bajeti ya miezi 12, najua. Basi njoo mara mbili, kwa kaya zile zile.

Hata mwaka wenyewe unadanganya. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 na bei minadani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata, Oktoba 2018, wakulima wa vyama vikuu vya TANECU na MAMCU walizikataa bei za minada ya kwanza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likasomba mzigo. Malipo yalisubiri uhakiki wa wakulima, na wapo waliosubiri muda mrefu. Utafiti wa 2017/18 ulianza kukusanya data Desemba 2017 ukamaliza Novemba 2018. Yaani kwa watu wa Mtwara ulifunga daftari lake mlango wa dhiki ulipokuwa unafunguka. Si kosa la mtu. Ila anayenukuu asilimia ile kuwaeleza wakulima wa korosho awe na habari hiyo.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1973/74 Tanzania ilizalisha tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki 17,000. Mchoro wa mstari unaoporomoka hivyo ungeweza kuandikiwa chini yake “uvivu wa wakulima”, na yapo maofisi ambako ndivyo walivyosema. Mstari hausemi kwamba Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, kwamba bei aliyolipwa mkulima haikuwa na maana, wala kwamba ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua. Hayo yalijulikana kwa kuwauliza waliotembea kilomita kadhaa kwenda kwenye miti yao, na kwa watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele kuchunguza maua na kujaribu salfa. Tarakimu ilipaza sauti kwamba kuna jambo; kujua jambo gani kulihitaji miguu. Mchango wa Naliendele, kwa maoni yangu, ndio utafiti uliowafaa watu wa kusini kuliko mwingine wowote, na ulifanyika shambani.

Kuna swali moja ambalo hutajibiwa kweli ukiliuliza wazi: kangomba. Fedha zikiisha, mtoto akaumwa, mkulima huuza korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, kwa mwenye fedha taslimu. Biashara hiyo imekatazwa, kwa hiyo kila utakayemuuliza atakuambia haijui. Ukiandika “asilimia sifuri”, umewasaliti wale maskini zaidi, maana ndio wanaouza hivyo. Ipo mbinu iliyoanzia kwa mtakwimu Mmarekani Stanley Warner mwaka 1965, nayo inafaa sana hapa. Mpe mtu sarafu ya shilingi mia. Airushe akiwa amekupa mgongo. Ikitokea picha ya Mwalimu, aseme “ndiyo” hata kama hajawahi kuuza kangomba. Wakitokea swala, aseme kweli. Hutajua kamwe “ndiyo” yake ni ya sarafu au ya shamba, hata polisi hatajua, na yeye analijua hilo. Lakini katika watu 100, takribani 50 wamesema ndiyo kwa ajili ya sarafu. Ukipata ndiyo 70, basi 20 katika wale 50 waliobaki wamesema kweli: asilimia 40. Umepata siri ya kijiji bila kupata siri ya mtu hata mmoja. Katika hesabu zote za takwimu ninazozijua, hakuna inayomheshimu mtu kuliko hii. Ila tumia kaya nyingi, kwa kuwa sarafu inaongeza ukungu kwenye jibu.

Wastani tumia kwa uangalifu. Tuseme wakulima tisa wamepeleka ghalani kilo 200 kila mmoja, na wa kumi kilo 8,200. Wastani ni kilo 1,000, na katika kumi hao hakuna aliyeuza kilo 1,000. Wapange kutoka mdogo hadi mkubwa umchukue wa katikati: kilo 200. Ndiye mtu wa Mnyambe.

Kuhusu kaya: fomu inamtaka mkuu wa kaya, na mdadisi mwenye haraka ataandika jina la mwanamume wa kwanza kumwona. Umakondeni watu wengi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana neno, na shamba au mikorosho ya mke si lazima iwe ya mume. Uliza miti ni ya nani, na fedha ya mnada imeingia kwenye akaunti ya nani. Muulize mwanamke akiwa peke yake.

Sasa hao “wachache” ambao andiko lako la mradi linawataja kila ukurasa, ni akina nani hapa? Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu 1967, na mimi naunga mkono. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Masasi na Newala wameoana mno kugawanywa kwa visanduku. Wachache wako kwingine: katika ulemavu, katika ujane, katika kitongoji cha mwisho, katika familia zilizovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya huko na ambazo zikiulizwa “ulizaliwa wapi?” zinanyamaza zikiwaza namba ya kitambulisho ya NIDA. Swali hilo la kuzaliwa usilianze nalo. Kama hulihitaji, lifute.

Kuhesabiwa kwaweza kuwa ukombozi pia. Wamakonde walioingia Kenya enzi za mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale miaka mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu hadi Nairobi, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona wa Kenya, waliokuwa katika hali hiyo hiyo, walifanyiwa uchunguzi wa kaya mwaka 2019 na Shirika la Takwimu la Kenya pamoja na UNHCR na Benki ya Dunia. Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza watapewa uraia. Sisemi dodoso ndilo lililowapa. Walikuwa wameupigania wenyewe. Ila walipoingia kwenye mazungumzo walikuwa na tarakimu za elimu, kazi na makazi yao. Miaka mingi kabla yao, mwanasosholojia Mmarekani W.E.B. Du Bois alipita nyumba kwa nyumba mtaa wa weusi wa Philadelphia, na kitabu chake cha 1899 kikaonyesha kwamba shida zilizodaiwa kuwa tabia ya watu wale zilitokana na kazi walizofungiwa na kodi za nyumba walizotozwa. Naye alifika nyumbani kwa watu mwenyewe.

Ukishapata majibu, ujue sheria. Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za Serikali kuwa kosa la jinai; mwaka 2019 kosa hilo liliondolewa. Bado, zungumza na Ofisi ya Takwimu mapema, ueleze mbinu zako wazi.

Halafu rudi Mnyambe kabla hujaenda kwenye hoteli ya semina. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu; omba nafasi kwenye ajenda. Andika matokeo kwenye karatasi kubwa, kwa Kiswahili, tarakimu kumi zisizidi, na umpe mtu wa kijiji azisome badala yako. Watu wabishe. Mama akisimama akasema, “Hapo kwenye siku za maji mmekosea, kitongoji chetu hakikupata kabisa,” mdadisi aandike, nawe uende ukaangalie. Ubishi huo ndio uhakiki bora utakaoupata, na haulipiwi posho.

Baada ya hapo, hakikisha maazimio yameingia kwenye muhtasari, muhtasari umefika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani ana nakala yake mkononi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya Halmashauri hufungwa miezi mingi kabla. Tarakimu ya maji ikifika Newala mwezi wa Mei itasubiri mwaka mzima. Ipeleke mwisho wa Novemba, hata kama ripoti yako ya kitaalamu haijakamilika, hata kama mfadhili hajasoma. Karatasi moja yenye siku za bomba, bei ya ndoo na idadi ya kaya inatosha kwa kikao cha mipango.

Nakala nyingine mwachie mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wanafunzi wakijifunza wastani, sasa watakuwa na wa kwao wa kuukokotoa.